Dini au ukanamungu: nani abebe lawama ya damu ya siasa?

Mjadala huu haukosi kwenye midahalo ya sekondari, kwenye vipindi vya redio vya usiku na kwenye mikutano ya vijana, iwe Kampala, Arua au Kasese. Upande mmoja unataja vita vya Mengo vya 1892, waasi wa Joseph Kony na wa ADF, kisha unahitimisha kwamba dini ndiyo mzizi wa mauaji. Upande wa pili unajibu kwa majina matatu: Stalin wa Soviet, Mao wa China na Pol Pot wa Kambodia. Hao, wanasema, hawakuwa na Mungu, na waliua kuliko wote.

Majina ya pande zote mbili ni ya kweli. Ubaya uko kwenye namna lawama inavyogawanywa. Mwenye dini humtoa Kony nje ya Ukristo kwa kusema "yule si Mkristo wa kweli", halafu humtwisha kila asiyeamini mzigo wa Stalin. Asiyeamini naye humtoa Stalin kwa kusema "ile ilikuwa siasa tu", halafu humtwisha kila muumini mzigo wa Kony. Kila mmoja ana kipimo cha nyumbani na kipimo cha ugenini.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayelazimika kuchagua cha kusema: mwalimu wa historia, mwendesha kipindi, kiongozi wa vijana parokiani au msikitini, mwanafunzi anayesimama mbele ya wenzake. Msimamo wetu tunautaja mapema. Kutoamini Mungu peke yake hakuwezi kulaumiwa kwa mauaji ya kisiasa, kama vile kuamini Mungu peke yake hakuwezi. Lakini ukanamungu wa dola, ule uliofanywa mpango wa serikali, una damu yake ya kujibia, tena damu inayoonekana kwenye hati. Dini iliyoshika bunduki nayo ina yake.

Linganisha vinavyolingana

Ukisema "Mungu yupo", kauli hiyo haikuambii uswali siku gani wala umpigie nani kura. Ukisema "Mungu hayupo", hiyo nayo haina neno lolote kuhusu ardhi, kodi au mfalme. Kutoka kwenye kauli yoyote kati ya hizo mbili hufiki kwenye amri ya kumchoma mtu bila kuongeza kitu katikati: nabii anayesikia sauti peke yake, kitabu kinachosomwa kwa namna moja tu, au chama kinachoamini kwamba historia ina njia moja na kwamba padri na sheikh wameiziba.

Kwa hiyo kuna ngazi. Ya chini kabisa ni kuamini au kutoamini. Ya pili ni mafundisho. Ya tatu ni taasisi yenye viongozi, fedha na uwezo wa kuadhibu. Ya nne ni taasisi hiyo ikiwa imeshika dola au silaha. Anayetetea ukanamungu hupenda kuuacha ngazi ya kwanza, "ni kutoamini tu", na kuipandisha dini hadi ya nne pamoja na vita vyake vyote. Anayetetea dini hugeuza: dini anaiacha kwenye upendo na amani, ukanamungu anaupeleka moja kwa moja hadi kwenye kambi za Siberia. Mdahalo wa namna hiyo hauna mshindi, maana kila mmoja anajadili kitu chake.

Ngazi ya kwanza ipambane na ya kwanza, ya nne na ya nne. Mkatoliki wa Masaka anayekwenda misa Jumapili analingana na mwalimu asiyeamini wa Kasese, ambako tangu 2011 kuna Shule ya Msingi ya Kasese Humanist inayoendeshwa kwa misingi isiyo ya dini. Anayelingana na LRA, jeshi la waasi la Kony, ni polisi wa siri wa Stalin.

Maswali yanayotenganisha lawama

Swali linaloulizwa mara nyingi zaidi ndilo dhaifu zaidi: muuaji alikuwa dini gani? Idi Amin alikuwa Mwislamu. Milton Obote alikuwa Mwanglikana. Maelfu waliuawa chini ya Amin kati ya 1971 na 1979, na maelfu wengine chini ya Obote katika vita vya Luwero kuanzia 1981, lakini hakuna mwanahistoria makini anayesema Luwero ilitokana na Uanglikana. Kama Obote hatumhesabii Kanisa lake, basi Stalin naye hahesabiwi kwa wasioamini kwa sababu tu hakuamini. Lazima kuwe na zaidi ya hapo.

Zaidi ya hapo ni mambo matano. Tazama kwanza wahusika waliandika au waliamuru nini kabla ya mauaji. Maneno yaliyosemwa baada ya tukio, hasa ya kujitetea, hayana uzito ule ule. Pili, angalia kama waliouawa walichaguliwa kwa imani yao au kwa jambo jingine. Tatu, angalia kama mafundisho yalibadili namna ya kupigana au kuua. Nne, yaondoe mafundisho hayo akilini na uache mengine yote: ardhi, silaha, kisasi, woga wa mtawala. Je, tukio lingebaki? Tano, na hili ndilo linalosahaulika, tafuta mahali pengine ambako mafundisho hayo hayo yalikuwapo bila mauaji, au mauaji ya aina hiyo yalitokea bila mafundisho hayo. Bila mfano jirani, swali la nne hubaki kubahatisha.

Upande wa dini: Mengo na kaskazini

Tuanze na 24 Januari 1892, siku ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo. Wakati huo Wakatoliki waliitwa Bafaransa na Waprotestanti Bangereza, kwa sababu ya nchi walikotoka wamisionari wao. Chanzo cha karibu kilikuwa kesi: Mkatoliki alimuua Mprotestanti katika ugomvi wa bunduki, na Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, akaamua kwamba aliua akijilinda. Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki aliupinga uamuzi huo, akagawa bunduki kwa Waprotestanti, na mapigano yalipoanza alitumia bunduki ya Maxim, inayofyatua risasi mfululizo. Rubaga, kilima cha misheni ya Wakatoliki, ikateketea. Mwanga akakimbilia ziwani. Baada ya hapo nchi iligawanywa: Wakatoliki walipewa Buddu, Waislamu wakapewa majimbo madogo, Butambala likiwamo, na Waprotestanti wakabaki na sehemu kubwa ya vyeo.

Pitisha maswali. Je, waliouawa walichaguliwa kwa imani? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Je, kuna aliyekuwa akibishania fundisho, ekaristi au mamlaka ya Papa? Hapana. Kilichobishaniwa ni kesi, bunduki na uchifu. Kwa maelewano yaliyotangulia vita, chifu aliyebadili dhehebu aliweza kupoteza cheo na ardhi yake, hivyo dhehebu lilikuwa hati ya shamba. Ukiondoa tofauti za mafundisho, ugomvi unabaki. Ukiziondoa misheni kama taasisi, zenye wafuasi waliosajiliwa, walinzi na marafiki wa kigeni, pande zenyewe zinatoweka. Lawama ya dini hapa iko ngazi ya tatu, na ni nzito. Ngazi ya pili haihusiki sana.

Lawama hiyo ilidumu. DP ilipoanzishwa 1954 ilionekana chama cha Wakatoliki, watu wakaiita "Dini ya Papa", na UPC ya 1960 ikahesabiwa ya Waprotestanti. Kifungu cha 71 cha Katiba ya 1995, kinachokataza uanachama wa chama kujengwa juu ya dini, ni jibu kwa historia hiyo.

Namugongo ni kesi nyingine kabisa, ingawa midahaloni huchanganywa na Mengo. Vijana waliochomwa huko kwa amri ya Mwanga tarehe 3 Juni 1886, na wenzao waliouawa kabla na baada, walikufa kwa ajili ya imani. Kabla yao, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa kumtii katika mambo ya dini. Lakini Mutesa na Mwanga hawakuua kwa amri ya msikiti wala kanisa. Waliona watumishi wa ikulu wana bwana mwingine juu ya Kabaka. Huo ni woga wa mtawala mbele ya utii usio wake, na tutaukuta tena Moscow.

Kaskazini mwa Uganda, mafundisho yenyewe yanaingia vitani. Jeshi la Roho Mtakatifu la Alice Auma, aliyeitwa Lakwena, lilikuwa na masharti 20 ya kujikinga. Wapiganaji walipakwa mafuta ya shea ili risasi zisiwapate, na hawakuruhusiwa kujificha nyuma ya miti au vichuguu. Walisonga mbele wamesimama wima, wakiimba nyimbo za ibada, mbele ya bunduki za jeshi la serikali. Hili ni jibu la wazi kwa swali la tatu: bila fundisho lile, askari wazoefu wengi waliokuwa mle, waliotoka jeshi la serikali iliyopinduliwa Januari 1986, wangelala chini kama walivyofunzwa. Walikufa kwa mamia kabla ya jeshi hilo kuvunjwa karibu na Jinja mwishoni mwa 1987.

LRA ya Kony ilirithi mafuta, maji na msalaba, ikadai kutaka nchi iongozwe kwa Amri Kumi za Mungu, huku ikivunja kila siku zile za kutoua na kutoiba. Hapa inabidi kuchambua kwa uangalifu. Chukua marufuku ya baiskeli. Wanavijiji waliokutwa wakiendesha waliweza kukatwa miguu, na amri hiyo ilitolewa kwa sauti ya roho. Lakini mwenye baiskeli ndiye anayefika kambi ya jeshi haraka kutoa taarifa. Amri ilikuwa ya kijeshi, ikavalishwa kanzu. Halafu kuna mfadhili: serikali ya Sudan, Khartoum, iliyojiita ya Kiislamu, iliipa silaha LRA iliyojiita ya Kikristo, kwa sababu Kampala iliisaidia SPLA, waasi wa kusini mwa Sudan. Kwa upande wa mfadhili dini haikuwa na kazi yoyote. Kwa upande wa kamanda na watoto waliotekwa, ambao kwa makadirio yanayotumika sana walizidi 20,000, ilikuwa na kazi kubwa: mtoto aliyeamini kwamba roho inasoma mawazo yake hakuthubutu hata kupanga kutoroka. Mauaji ya LRA ya Atiak mwaka 1995 na ya Barlonyo mwaka 2004 yana chimbuko la kisiasa, lakini kilichowafunga wauaji wadogo kwa kamanda wao kilikuwa imani. Hiyo ni lawama ya ngazi ya pili na ya nne kwa pamoja, na anayesema "ile haikuwa dini" anakwepa.

ADF tuipitie haraka. Ilizaliwa katika miaka ya 1990 kutokana na kundi la Tabliq lililogombana na uongozi wa Waislamu Kampala, ikaungana na NALU, waasi wa Rwenzori waliokuwa na malalamiko ya kimaeneo. Tarehe 8 Juni 1998 iliwachoma wanafunzi 80 wa Chuo cha Ufundi Kichwamba. Hapakuwa na uchaguzi wa dini pale. Tangu 2019 inatambuliwa na kundi la kimataifa linalojiita Dola la Kiislamu. Shambulio la Mpondwe la 16 Juni 2023, lililoua watu 42, wengi wao wanafunzi, lilikuja jeshi la Uganda likiwa linawawinda ndani ya Kongo. Kisasi cha kijeshi na itikadi ya kidini vilifanya kazi pamoja, na haifai kukipa kimoja hesabu yote.

Na kuna Rwanda, ambayo watu wa Rakai waliiona kwa macho 1994, maiti ziliposhuka na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria na kuzikwa Kasensero. Makanisa ya Ntarama na Nyamata yalikuwa machinjio, na padri wa Nyange, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Hata hivyo Mkatoliki aliua Mkatoliki mwenzake. Aliyetafutwa alikuwa Mtutsi, wa dhehebu lolote. Kanisa kama taasisi lina maswali ya kujibu kuhusu ukaribu wake na watawala. Kuyaita mauaji ya dini ni kosa.

Upande wa ukanamungu: hati ziko wapi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kipimo kile kile sasa kiende upande wa pili, na tuanze na jambo ambalo wasioamini hawapendi kulisikia.

Tarehe 30 Julai 1937 mkuu wa polisi wa siri wa Soviet, Nikolai Yezhov, alitia sahihi Amri namba 00447. Ilitaja makundi ya kukamatwa: makulaki, yaani wakulima waliokuwa na mali, wahalifu, maofisa wa utawala wa zamani, na pia watu wa kanisa na wanaharakati wa madhehebu. Kila mkoa ulipewa mgao. Jumla ya mwanzo ilikuwa watu 75,950 wa kupigwa risasi na 193,000 wa kupelekwa kambini miaka 8 hadi 10. Kamati za watu watatu zilipitisha hukumu bila mshtakiwa kuwapo. Mikoa ikaomba kuongezewa mgao, na ikaongezewa. Kwa hesabu za polisi wenyewe, watu 681,692 walipigwa risasi katika 1937 na 1938, kwa amri hii na nyingine.

Amri hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Tangu 1925 kulikuwa na Umoja wa Wasioamini, ulioitwa wa Kimapambano kuanzia 1929, wenye magazeti na wahamasishaji wake. Mwaka 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow lililipuliwa kwa baruti. Januari 1937 sensa iliuliza watu kama wana dini, na asilimia 57 ya wenye umri wa miaka 16 na kuendelea wakajibu ndiyo, miaka 20 baada ya mapinduzi. Matokeo ya sensa hiyo yakafichwa. Miezi michache baadaye ikaja 00447.

Katika uwanja wa Butovo, nje kidogo ya Moscow, walipigwa risasi zaidi ya watu 20,000 kati ya Agosti 1937 na Oktoba 1938. Karibu 1,000 kati yao walikuwa makasisi, watawa na waumini wa kesi za kanisa, yaani kama mmoja kwa kila ishirini. Huyo mmoja, ukanamungu wa dola unamjibia moja kwa moja: amri ilimtaja, imani yake ndiyo iliyomweka kwenye orodha. Wale kumi na tisa waliuawa kwa sababu nyingine: asili ya familia, taifa, ukulaki, au jirani aliyewachongea. Anayewaweka wote ishirini kwenye hesabu ya ukanamungu anazidisha mara ishirini, na anayekataa hata yule mmoja anaficha hati.

Sasa mfano jirani, na hapa tunao mzuri. Septemba 1943, vita na Ujerumani vikiwa vimepamba moto, Stalin aliwaita maaskofu wakuu watatu Kremlin akaruhusu Patriaki, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi, achaguliwe. Hakuwa ameongoka. Alihitaji waumini wapigane. Halafu kati ya 1958 na 1964 Khrushchev aliyafunga maelfu ya makanisa, kwa ukanamungu ule ule na chama kile kile, bila risasi za 1937. Kwa hiyo ukanamungu wa dola unaeleza nani alilengwa, na unaeleza kufungwa kwa makanisa. Hauelezi ni kwa nini mwaka mmoja ni risasi na mwaka mwingine ni faini. Hilo linaelezwa na aina ya utawala na woga wa mtawala, kama ikulu ya Mwanga.

Albania ndiyo kesi ngumu zaidi kwa mtetezi wa ukanamungu, na ndiyo isiyotajwa kwenye midahalo yetu. Februari 1967 Enver Hoxha, kiongozi wa kikomunisti wa nchi hiyo, alianzisha kampeni iliyofunga makanisa, misikiti na nyumba nyingine za ibada 2,169. Katiba ya 1976, kifungu cha 37, ikasema dola haitambui dini yoyote na inaunga mkono uenezaji wa ukanamungu. Padri Shtjefën Kurti aliuawa baada ya kumbatiza mtoto kwa siri. Wiki ile ile ya Februari 1967, Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alitangaza Azimio la Arusha. Wote wawili walijiita wajamaa, wote walitaifisha, wote waliongoza nchi ya chama kimoja. Tanzania haikuwa na kampeni ya kufunga makanisa na misikiti. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ujamaa; fundisho la Hoxha kuhusu dini ndilo lililoongeza ukatili huo. Ila ukitazama vijiji vya Tanzania vya 1973 hadi 1976, ambako watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba nyingine zikachomwa, utaona kwamba mabavu ya dola hayakuhitaji ukanamungu.

Kambodia, 1975 hadi 1979: watawa wa Kibudha walivuliwa kanzu, Waislamu wa Cham wakalazimishwa kula nguruwe na kukatazwa kusali. Novemba 2018 mahakama maalumu ilimtia Nuon Chea, msaidizi mkuu wa Pol Pot, hatiani kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham. Hapo imani na kabila vilichanganyika, na wengi wa waliokufa, takriban milioni 1.7 kwa jumla, walikufa kwa njaa, kazi na usafishaji wa kisiasa.

Karibu zaidi na sisi ni Ethiopia. Derg, serikali ya kijeshi, ilimwondoa Patriaki Tewoflos 1976 na kumuua 1979, mwaka ambao kiongozi wa Kilutheri Gudina Tumsa alitekwa na kuuawa. Lakini Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978 uliwalenga zaidi vijana wa chama cha EPRP, ambao wenyewe walikuwa Wamaksi. Mmaksi alimuua Mmaksi, kama Mkatoliki alivyomuua Mkatoliki Rwanda. Swali la pili linaitoa sehemu kubwa ya damu hiyo kwenye hesabu ya ukanamungu, na ni haki kufanya hivyo.

Majina mawili yaondolewe kabisa kwenye orodha. Hitler hakuongoza dola la ukanamungu: serikali yake ilitia sahihi mkataba na Vatikani Julai 1933, alivunja chama cha wasioamini, na askari wake walivaa mikanda yenye maneno "Mungu yuko pamoja nasi". Hilo halimfanyi kuwa wa kanisa pia. Robespierre, wa mapinduzi ya Ufaransa, alipinga ukanamungu hadharani na Juni 1794 aliongoza sherehe ya kumtukuza Mwenyezi.

Hesabu ya maiti inavyopotosha

Mdahalo ukifika kwenye "nani aliua wengi", simamisha. Karne ya 20 ilikuwa na reli, simu, mafaili ya polisi na miji ya mamilioni. Lugard alikuwa na bunduki za Maxim chache. Kulinganisha jumla zao ni kulinganisha mashine, siyo imani. Tena vifo vya njaa ya Ukraine ya 1932 na 1933 au ya China baada ya 1958 vilitokana na unyang'anyi wa nafaka na mipango ya uzalishaji. Hakuna sehemu ya sera hizo iliyotoka kwenye kutoamini Mungu. Idadi itumike ndani ya tukio moja tu, kama tulivyofanya Butovo.

Tofauti moja ya kweli

Baada ya kusawazisha ngazi, tofauti moja inabaki, na haimpendelei mtu. Dini inabeba ndani yake kichochezi na breki. Kony alipotaja Amri Kumi, Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu aliweza kumjibu kwa kitabu kile kile. Mwaka 2003 yeye na viongozi wenzake wa dini wa Acholi, Waislamu wakiwamo, walilala barabarani Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakitoroka vijiji kila jioni. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin barua ya malalamiko. Alikuwa na cheo cha kumwezesha kusema na waumini wa kumsikiliza.

Kutoamini hakuna askofu wa kumfukuza Stalin. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia Hoxha "huo si ukanamungu wa kweli" na akasikika, maana ukanamungu mtupu hauna maadili ya kuvunja wala ya kushika. Breki lazima itoke kwingine: kwenye utu, kwenye katiba, kwenye mahakama. Ambako breki hizo zipo, wasioamini huishi kama majirani wengine. Ucheki na Estonia ni miongoni mwa nchi zenye wasio na dini wengi zaidi duniani, na hazina kambi. Lakini upungufu huo una upande wake wa pili: asiyeamini hana roho ya kumwambia asimame wima mbele ya bunduki, wala pepo ya kumlipa akifa.

Uchague msimamo upi

Kwa darasa la historia, chagua "kila tukio kwa ngazi yake". Wape wanafunzi Mengo na Amri 00447 kwa pamoja, maana zote zina hati na tarehe, na waulize ni ngazi gani inayobeba mzigo. Usitumie Namugongo kwa zoezi hili. Hisia za tarehe 3 Juni ni kubwa na muuaji wake haingii upande wowote.

Kwa redio, hasa kipindi chenye simu za wasikilizaji, msimamo salama ni "dola lisilo na breki ndilo linaloua, na dini au ukanamungu humchagulia wa kumuua". Ni sahihi kwa matukio mengi tuliyopitia, isipokuwa Lakwena na sehemu ya LRA, ambako hapakuwa na dola na fundisho liliua lenyewe. Sema hivyo hivyo, usiwaache nje. Pia kumbuka kwamba katika sensa ya 2014 waliojitaja kuwa hawana dini Uganda hawakufika asilimia 1. Kuwatuhumu hewani kwa Stalin ni kuwatuhumu watu wasio na chama, jeshi wala kituo cha redio cha kujibu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema nchi haina dini ya dola, na cha 29 kinalinda uhuru wa dhamiri, wao wakiwamo.

Kwa homilia au khutba, anayetaja Albania na awe tayari kutaja Barlonyo katika mahubiri hayo hayo. Na msimamo wa "ni siasa tu, dini na ukanamungu havina kosa" tunaukataa kwa matumizi yote matatu. Unasikika wa amani, lakini unamfuta padri Kurti na unawafuta watoto waliotekwa wakiogopa roho.

Kwa mdahalo wa shule, badilisha mada yenyewe. "Dini imeua wengi kuliko ukanamungu" haina jibu na huwarudisha watu nyumbani na hasira. Weka "Vita vya Mengo vya 1892 vilikuwa vya dini", au "Kufungwa kwa nyumba za ibada Albania 1967 kulitokana na ukanamungu kuliko ujamaa". Kila upande ulete hati moja ya kabla ya tukio na mfano jirani mmoja, na waamuzi wapunguze alama kwa upande utakaokuja bila mfano jirani.